Msitu Huokolewa Kabla ya Moto

Msitu mkubwa ukiungua, mambo hufuatana kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza anasakwa mchomaji: mrina asali, mchungaji, mchoma mkaa. Kisha linatoka agizo la marufuku. Miezi michache baadaye kiongozi anapigwa picha akiwa na mche mkononi, inatajwa idadi ya miche kwa mamilioni, watu wanapiga makofi, na habari inaishia hapo. Ni nadra mtu kurudi baada ya miaka 10 kuhesabu ni miche mingapi ilifikia kuwa miti.

Desturi hiyo imesimama juu ya imani moja: moto ni adui wa msitu, mkazi wa msitu ni mshirika wa adui huyo, na mche ndio dawa. Serikali, wafadhili, kampuni na vyombo vya habari wameikumbatia kwa pamoja, hata anayeihoji huonekana anatetea uharibifu. Mimi naipinga. Katika misitu iliyozoea moto tangu asili, kitakachoota baada ya moto mkubwa huwa kimekwisha kuamuliwa miaka mingi kabla haujawaka, na kinachoamua ni nani aliyepewa, au aliyenyimwa, mamlaka ya kuutunza msitu huo. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko magharibi mwa Marekani, katika ardhi za makabila ya wenyeji asilia.

Makabila ya Marekani yana misitu ya takriban ekari milioni 19. Ni mali yao, lakini mdhamini ni serikali kuu: mauzo ya mbao, mipango ya uvunaji na fedha za kupambana na moto hupitia kwenye idara zake. Yaani kuna watu waliokaa na misitu hiyo kwa karne nyingi, na juu yao kuna serikali iliyowaamulia namna ya kuitunza. Matokeo ya maamuzi hayo yameandikwa ndani ya miti yenyewe.

Misonobari ya zamani ya Arizona na New Mexico ina makovu ya moto katikati ya pete zake za ukuaji. Wataalamu wanaozihesabu pete hizo wamekuta kwamba, kabla ya mwisho wa karne ya 19, moto mdogo ulipita chini ya miti hiyo kila baada ya miaka michache, mara nyingi kati ya miaka 2 na 20. Mwingine ulianzishwa na radi, mwingine na watu. Katika milima ya Jemez, New Mexico, wahenga wa watu wa Jemez waliishi kwa maelfu ndani ya msitu wa misonobari kwa karne kadhaa. Walikata kuni, wakalima, wakachoma vipande vidogo vidogo mara kwa mara, na nyasi na matawi makavu hayakupata nafasi ya kurundikana. Msitu ulibaki wazi, wenye miti mikubwa iliyoachana, na moto ulipopita uliunguza majani ya chini ukayaacha matawi ya juu.

Kisha ikaja serikali na fikra zake. Mwaka 1850 jimbo la California lilitunga sheria iliyojiita ya kuwalinda wenyeji asilia. Sheria hiyo iliruhusu kuwatumikisha, na ndani yake mlikuwa na kifungu cha kumwadhibu yeyote anayewasha moto mbugani. Mwaka 1910 moto mkubwa uliteketeza takriban ekari milioni 3 za Idaho na Montana katika siku mbili na kuua watu zaidi ya 80. Badala ya kujiuliza kwa nini uliwaka vile, Idara ya Misitu ya Marekani iliapa kuuangamiza moto wa kila aina. Mwaka 1935 ikaweka kanuni kwamba kila moto unaoonekana uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Mwaka 1944 akazaliwa yule dubu wa kwenye mabango, Smokey Bear, ambaye vizazi vizima vya watoto wa Marekani vilifundishwa naye kwamba moto msituni ni kosa la mtu mzembe.

Mafundisho hayo hayakubaki Marekani. Mjerumani Dietrich Brandis, aliyesimamia misitu ya India chini ya Waingereza, ndiye aliyemwongoza kijana Gifford Pinchot, ambaye baadaye akawa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya Marekani. Kutoka India hiyohiyo misingi ya kutunza misitu kwa mipaka, walinzi na marufuku ilienea katika makoloni ya Uingereza, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Bwana misitu wa Tanganyika na mwenzake wa Arizona walisoma katika chuo kimoja cha fikra, ingawa hawakuwahi kuonana.

Baadhi ya wa mwanzo kuipinga fikra hiyo kutoka ndani ya serikali walijifunza ubaya wake kwenye ardhi za makabila. Harold Weaver alikuwa mtaalamu wa misitu katika idara inayoshughulikia mambo ya wenyeji asilia. Mwaka 1943 alichapisha makala akieleza kwamba kuzuia moto kunaua misitu ya misonobari ya ponderosa kwa kuijaza miti myembamba iliyosongamana. Muda mfupi baadaye, yeye na Harry Kallander walikuwa wakichoma kwa mpango misitu ya Fort Apache, ardhi ya kabila la White Mountain Apache huko Arizona, wakati kwingine nchini moto ukizimwa kwa amri. Idara ya Misitu iliiacha rasmi kanuni yake ya saa nne asubuhi mwaka 1978. Ardhi ya kabila ilikuwa imetangulia kwa takriban miaka 30.

Mtihani ulikuja Juni 2002. Mioto miwili iliwashwa kwa kupishana siku chache, mmoja ukiitwa Rodeo na mwingine Chediski, ikaungana na kuteketeza ekari 468,638. Zaidi ya nusu ya eneo hilo lilikuwa ndani ya Fort Apache, na mbao za msitu huo zilikuwa tegemeo kuu la ajira na mapato ya kabila. Kwa mtazamo wa juujuu huo ni ushahidi dhidi yangu: mbona ardhi iliyochomwa kwa mpango nayo iliungua? Lakini watafiti walipolinganisha picha za satelaiti na ramani za uchomaji, walikuta kwamba sehemu zilizokuwa zimechomwa kwa mpango katika miaka ya karibuni kabla ya moto ziliungua kwa ukali mdogo kuliko zile zilizoachwa. Wengine walipima viwanja vilivyopakana kwenye ardhi hiyo ya kabila. Palipotunzwa kabla, miti mikubwa ilinusurika na msonobari ukawa na uwezo wa kuendelea kuwa msitu wa msonobari. Pasipotunzwa, miti iliuawa karibu yote, na dalili zilikuwa kwamba vichaka vitatawala kwa muda mrefu.

Sababu iko kwenye maumbile ya mti wenyewe. Ponderosa ana gome nene linalomkinga na moto wa chini, lakini hana kinga dhidi ya moto unaopanda kileleni. Mbegu zake ni nzito kiasi, hazipeperushwi mbali. Umbali kutoka mti mzazi aliye hai ukizidi kama mita 150 au 200, miche ya asili huwa michache sana. Moto mkali ukifyeka bonde la maelfu ya ekari, katikati ya bonde hilo hakuna mbegu inayofika. Vinakuja vichaka vya mwaloni na mimea mingine inayochipua kutoka kwenye mizizi. Vichaka hivyo navyo huungua kirahisi, na kila vinapoungua huzidi kujiimarisha. Hivyo ndivyo msitu unavyogeuka kuwa kitu kingine bila mtu kuchukua shoka.

Hapo wananijia wapinzani wa aina mbili, wasioelewana wenyewe kwa wenyewe.

Wa kwanza wanasema: uacheni msitu, maumbile yanajua kujiponya. Mfano wao ni mzuri. Mwaka 1988 moto ulipita katika zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ya Yellowstone, watu wakalia kwamba hifadhi imekufa, na misonobari ikarudi yenyewe kwa wingi bila kupandwa. Nakubali kila neno. Lakini msonobari wa Yellowstone, aitwaye lodgepole, ana koni zilizofungwa kwa utomvu ambazo husubiri joto la moto ndipo zifunguke na kumwaga mbegu. Msitu huo umezoea kuungua wote mara moja kila baada ya karne moja au zaidi. Ponderosa hana koni za namna hiyo. Kuchukua somo la Yellowstone na kulipeleka Fort Apache ni uvivu wa kusoma mti. Tena neno "maumbile" hapa linaficha jambo: msitu uliozuiwa kuungua kwa miaka 100 umesongamana kwa amri ya serikali. Anayesema tuuache ujiponye anatutaka tuyaache madhara ya sera yamalize kazi yake.

Wa pili ni wapenda miche, na hao ndio wengi. Hesabu haiwasaidii. Utafiti uliofuatilia maeneo manane yaliyoungua na kupandwa ponderosa huko Arizona na New Mexico ulikuta kwamba baada ya miaka kadhaa wastani wa miche iliyobaki hai ulikuwa robo moja tu. Jua linachoma udongo uliopoteza kivuli, mvua hazitabiriki, vichaka vinagombea maji, na joto linazidi kuongezeka. Kupanda kuna mahali pake. Watu wa Santa Clara Pueblo, New Mexico, wanapanda, tena kwa mikono ya kikosi chao wenyewe. Moto wa Las Conchas wa Juni 2011 uliteketeza takriban ekari 16,000 za ardhi yao, na mafuriko yaliyofuata yakabomoa mabwawa na barabara ya korongo lao, kwa kuwa mlima usio na miti haushiki maji. Wao hawana mahali pengine pa kuhamia, kwa hiyo wanapanda mahali wanapopajua, kwa kazi ya vizazi. Hilo ni tofauti na kampuni inayonunua miche milioni ili kufuta dhambi zake za moshi. Kwa Santa Clara mche ni sehemu ndogo ya kazi inayojumuisha kupunguza miti, kuzuia mmomonyoko na kuchoma kwa wakati. Kwa mwingine mche ndio kazi yote, na picha ikishapigwa kazi imekwisha.

Mtu atasema basi: hao wanaochoma kwa mpango nao huunguza miji. Ni kweli imetokea. Mei 2000 moto uliowashwa kwa mpango na mamlaka ya hifadhi za taifa katika eneo la Bandelier uliwaponyoka, ukateketeza makazi ya zaidi ya familia 400 huko Los Alamos, New Mexico. Mwaka 2022 Idara ya Misitu ilianzisha kwa namna hiyohiyo moto uliokuja kuwa mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu za New Mexico, zaidi ya ekari 340,000. Sitafuti kuyafunika hayo. Nauliza tu yanathibitisha nini. Idara hiyo ilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila mioto ya mpango 1,000 inayowaponyoka haifiki miwili. Na hiyo michache ikiwa janga, ni kwa sababu inatoroka na kuingia katika msitu uliojazwa kuni kwa karne nzima. Moto wa mpango ukichelewa miaka 100, unapowashwa hatimaye ni wa hatari. Dawa ya hatari hiyo ni kuchoma mapema na mara kwa mara, kwa eneo dogo, chini ya watu wanaolijua bonde hilo upepo wake unageuka saa ngapi. Ratiba iliyotengenezwa ofisini haiwezi kuchukua nafasi yao.

Kuna pingamizi kali zaidi. Moto wa Rodeo uliwashwa na mtu wa kabila lenyewe, mzimamoto wa kibarua aliyetaka kazi ya kuuzima. Wa Chediski uliwashwa na msafiri aliyepotea, akitaka helikopta imwone. Wanaodai kwamba wenyeji hawaaminiki na moto humtaja wa kwanza na kumsahau wa pili. Mmoja alitaka mshahara, mwingine alitaka kuokolewa, na wote wawili walikuta msitu unaosubiri cheche. Msitu ambao usalama wake unategemea mamilioni ya watu wasikosee hata mara moja, hauna usalama. Tena tuitazame ile njaa ya kazi iliyomfanya mtu awashe moto: serikali ilikuwa tayari kulipa vibarua kuzima, kuliko kuwalipa mwaka mzima kutunza. Hilo ni kosa la bajeti kabla ya kuwa kosa la mtu.

Na bajeti ndiyo inayofichua kila kitu. Sheria ya mwaka 1990 inaagiza kwamba kila baada ya miaka 10 jopo huru la wataalamu likague misitu ya makabila. Ripoti zake, kuanzia ile ya 1993, zimerudia jambo moja: kwa kila ekari, msitu wa kabila hupata sehemu ndogo tu ya fedha zinazopewa msitu wa taifa ulio jirani yake, na katika ukaguzi wa karibuni zilikuwa karibu theluthi moja. Mwaka 1983, katika kesi ya misitu ya Quinault, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali inaweza kudaiwa fidia kwa kuisimamia vibaya misitu ya wenyeji asilia. Mdhamini amekuwa akishindwa kazi yake, na mahakama imesema anaweza kudaiwa kwa hilo.

Makabila yakiachiwa mamlaka, hufanya nini? Wanaohofia kwamba yatafyeka na kuuza waende Wisconsin. Kabila la Menominee limevuna mbao katika msitu wake tangu mkataba wa 1854, na kiasi kilichokwisha kuvunwa kinazidi mbao zote zilizokuwamo msituni mwaka ule. Hata hivyo mbao zilizosimama humo leo ni nyingi kuliko za wakati ule. Mwaka 1954 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulifuta kabila hilo kisheria. Msitu ukanusurika na kabila likarudishiwa hadhi yake mwaka 1973. Fort Apache nako, baada ya moto wa 2002, kabila lilianza haraka kuvuna magogo yaliyoungua kabla hayajaoza, wakati kazi kama hiyo kwenye msitu wa taifa uliopakana nao ilikwama katika taratibu na kesi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na walioachwa nje ya maamuzi ndio wanaolala hapo.

Marekani yenyewe imeanza kukiri, polepole. Sheria ya 2004 iliruhusu makabila kupendekeza kazi za kupunguza hatari katika misitu ya serikali inayopakana nayo, kwa kuwa moto hauheshimu mipaka. Mwaka 2018 Bunge likaongeza nafasi ya kabila kuifanya kazi hiyo lenyewe kwa mkataba. Mwaka 2024 California, jimbo la ile sheria ya 1850, iliruhusu kwa sheria mpya makubaliano yanayoyapa makabila mamlaka ya kuchoma kwa mila zao bila vibali vya kila mara, na kabila la Karuk likawa la kwanza kuingia makubaliano hayo, Februari 2025. Miaka 175 ilipita kati ya adhabu na kibali.

Sidai kwamba kila msitu unataka moto. Misitu ya mawingu ya Usambara haitaki, na juu Kilimanjaro moto wa mara kwa mara umeusukuma mpaka wa msitu kushuka. Miombo ni jambo lingine. Viwanja vya majaribio vya Ndola, Zambia, vilivyoanzishwa mwaka 1933, vilionyesha kwamba kuchoma mwishoni mwa kiangazi kila mwaka hugeuza miombo kuwa nyasi, ilhali kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huubakiza msitu. Jambo hilo linajulikana Kilwa, ambako vijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 vimetenga misitu yao, vinauza mbao za mpingo na mninga na kubaki na mapato, na mwaka 2009 baadhi yake vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora. Kijiji kinachopata shule na zahanati kutokana na msitu hakihitaji bango la dubu kukumbushwa kuutunza.

Linganisha na msitu wa Mau, nchini Kenya. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, wenyeji asilia wa msitu huo, kwa kuwafukuza, na kwamba uharibifu wa msitu hauwezi kutwikwa Waogiek. Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia na wapimiwe na kupewa hati ya ardhi yao. Novemba 2023 Kenya ilitangaza mapumziko ya taifa ili watu wapande miti, sehemu ya lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mwezi huohuo familia za Waogiek zilikuwa zikibomolewa nyumba katika msitu wa Mau. Mgeni akapewa siku ya mapumziko ili apande mche, na mkazi akaondolewa msituni.

Madai yangu basi yanahusu fedha na hati zaidi ya miche. Sehemu kubwa ya fedha zinazotengwa kwa ajili ya kupanda baada ya moto ihamishiwe kwenye kazi ya kabla ya moto, nayo ilipwe kwa mwaka mzima kwa watu wanaoishi hapo. Idara za misitu zipimwe kwa miti iliyo hai baada ya miaka 10, na zinyimwe sifa kwa idadi ya miche iliyochimbiwa siku ya sherehe. Uchomaji wa mapema usiwe tena jambo la kuombewa kibali mbali pale ambapo kijiji kina mpango na msitu ni wa aina inayouhitaji. Na kabla ya mche wowote mpya kupandwa Mau, serikali ya Kenya itekeleze hukumu ya 2022 na kuwapa Waogiek hati yao, kwa sababu msitu usio na mwenye mamlaka utaungua tena, na miche yetu itaungua nao.